Mtumbwi wa Mnyororo

"Mtumbwi wa mnyororo hauzamishi, wala hauvushi."

Ndiyo, hayo ndiyo maneno aliyoyasema yule mama muuza samaki jana kwenye mkutano wa kata, nanyi mkashangaa kuona wazee wote wameinamisha vichwa. Mlidhani ni fumbo la kumtania bwana afisa aliyekuja kutusomea amri. Si utani, wanangu. Sogezeni hayo majora ya kitambaa mpate pa kukaa. Cherehani siwezi kuiacha, kanzu ya mtu inasubiriwa Ijumaa, lakini mdomo wangu haushoni. Nitawaeleza neno hilo lilivyozaliwa na nani aliyelizaa, maana lilizaliwa kwa uchungu.

Ilikuwa hivi.

Zamani za akida, kabla daraja hili mnalopita na pikipiki halijafikiriwa na mtu, mto wetu ulivukwa kwa mitumbwi. Huku upande wetu palikuwa na soko, msikiti wa Ijumaa na zahanati ndogo ya serikali. Kule ng'ambo ndiko kulikokuwa na mabonde ya mpunga. Nusu ya watu wa huku walikuwa na mashamba kule, na nusu ya watu wa kule walikuwa na ndugu huku. Mtu alikuwa akisema "naenda kwetu" usijue kama anavuka au anarudi.

Wavushaji walikuwa wengi, lakini aliyesifika ni Mzee Malenda, mtu mfupi mwenye mabega mapana, asiyependa maneno. Alikuwa hapakii mtu mmoja zaidi ya wale anaotaka yeye, hata umpe nini. Wengine hawakuwa hivyo.

Basi huku kwetu alikaa mwanamke mmoja jina lake Semeni. Mumewe alikufa mapema akamwachia watoto wawili, Mshamu na dada yake Somoe. Semeni aliwalea kwa biashara ya mchele: alivuka kununua mpunga, akaukoboa kwa mchi wake mwenyewe, akauza sokoni. Mama yangu, ambaye nyumba yao ilipakana na ya Semeni, alikuwa akisema kwamba mtaa mzima uliamka kwa mchi huo kuliko kwa jogoo. Somoe alipokua aliolewa ng'ambo na mkulima mpole aitwaye Mtulia. Mshamu alibaki na mama yake. Alikuwa mrefu, mcheshi, ameshachumbia, na ndiye aliyekuwa akibeba magunia ya mama kutoka mtumbwini hadi nyumbani huku akiimba.

Mwaka mmoja mavuno yalikuwa mazuri mno. Siku ya gulio kila mtu alitaka kuwahi na mpunga wake sokoni. Mshamu alikuwa ng'ambo kumchukulia mama magunia. Mtumbwi wa Malenda ulikuwa umejaa, naye Malenda akamwambia, "Nisubiri, narudi sasa hivi." Kijana hakutaka kusubiri. Kulikuwa na mtumbwi mwingine, mkuukuu, uliozibwa nyufa kwa udongo wa mfinyanzi, na mwenyewe alikuwa akiita watu kama mnadi. Wakaingia. Wakaingia na magunia yao, na kuku wao, na watoto wao mgongoni. Ukingo wa mtumbwi ulikuwa umebakisha kidogo tu kuwa sawa na maji.

Katikati ya mto ule udongo uliachia.

Watu waliokuwa gulioni walisikia kelele, wakadhani ni vijana wanashindana kuogelea. Walipofika kivukoni waliona mikungu ya ndizi inaelea, na vitenge, na mkono mmoja. Akida Hemedi, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wetu, alijitosa majini na kanzu yake. Alitoa watu wawili wazima. Waliobaki aliwatoa wakiwa maiti, mmoja baada ya mwingine, mpaka akaishiwa nguvu akaketi matopeni akilia mbele ya raia wake. Nawaambieni hili ili mjue kwamba Akida Hemedi hakuwa mtu mbaya. Hadithi hii haina mtu mbaya. Ingekuwa naye, ingekuwa nyepesi kusimulia.

Mshamu alipatikana kesho yake, amenasa kwenye matete.

Matanga yalipokwisha, Semeni alivaa kaniki yake, akaenda barazani kwa akida. Wanawake wengine waliofiwa walimfuata bila kuitwa. Akasimama mbele ya akida akasema:

"Bwana Akida, sikuja kuomba kitu. Nimekuja kuuliza. Mtu akichinja mbuzi sokoni bila ya bwana afya kuitazama nyama, mnamtoza faini. Lakini mtu akichukua gogo bovu akalijaza watoto wetu, hamumwambii neno. Nyama ina thamani kuliko Mshamu?"

Akida akasema, "Mama, umesema kweli. Wallahi, hili halitatokea tena."

Na kweli akatoa amri. Mitumbwi yote, ya huku na ya ng'ambo, mizima na mibovu, ifungwe kwa mnyororo mmoja pale kivukoni. Usifunguliwe hata mmoja mpaka atoke mkaguzi bomani, autazame, na aupige chapa. Atakayevuka kwa mtumbwi usio na chapa, kifungo. Akaipeleka amri hiyo bomani, wakubwa wakaipenda, wakaitia muhuri, ikawa sheria ya wilaya. Hakuna aliyepinga. Nani angepinga, na makaburi bado yana unyevu?

Mzee Malenda peke yake ndiye aliyeuliza, siku ile mnyororo ulipoletwa. Alikuwa ameshauvuta mtumbwi wake nchi kavu na kuutoboa tundu kwa mkono wake mwenyewe ili mnyororo upite.

"Na wa ng'ambo, Bwana Akida, watavukaje?"

"Pantoni inakuja," akajibu akida.

"Na mkaguzi?"

"Naye anakuja."

Malenda akaweka kafi begani, akaenda zake.

Pantoni ilikuja, msidhani ni uongo. Ilikuwa jukwaa la mbao juu ya mapipa, na watu waliivuta kwa waya wa chuma uliofungwa huku na huku. Kiangazi chote ilifanya kazi vizuri. Mtu alivuka amesimama, hakulowa hata unyayo. Semeni alikuwa akienda kivukoni kila alasiri, anakaa juu ya jiwe, anatazama watu wanavyoshuka salama. Mtu akimsalimu alijibu, "Alhamdulillahi, hakuna aliyezama." Hiyo ndiyo ikawa salamu yake. Watu walimheshimu. Walisema, huyu ndiye mama wa sheria.

Mkaguzi lakini hakuja. Kwanza ilisemwa yuko safarini. Baadaye ikasemwa amehamishwa na mwingine hajapangwa. Mitumbwi ikakaa juani. Nyinyi hamjui mitumbwi, lakini mtumbwi ni mti uliozoea maji. Ukiuacha nchi kavu unakauka, unapasuka mdomo kama kisigino cha mkulima. Kwa kuwa pantoni ilikuwepo, hakuna aliyejali.

Ikaja masika.

Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa. Mto ulijaa ukafika mahali ambapo wazee walikuwa hawajapata kuuona. Siku moja gogo zima la mvule lilitelemka na mkondo, likaupiga waya ule wa chuma ukakatika kama uzi huu. Pantoni ikachukuliwa, ikaenda kukwama kwenye kisiwa cha mchanga mbali kule chini, na mapipa yake yametoboka. Toka siku hiyo mto ukawa ukuta.

Sikilizeni sasa jinsi nchi inavyokufa bila ya kelele. Mpunga ng'ambo ulikuwa umeanza kutoa masuke, wakati wa kuamia, kuwafukuza ndege shambani. Watu wa huku wenye mashamba kule hawakuweza kwenda. Walisimama kivukoni wakitazama kundi la ndege likishuka bondeni kama wingu, likipanda na kushuka, nao hawana la kufanya ila kupiga kelele ambazo ndege hawazisikii. Mpunga usiohifadhiwa na mtu ukaliwa na nguruwe. Wa ng'ambo wenyewe walivuna kidogo walichookoa, lakini wamuuzie nani? Soko liko huku. Mpunga ukaota ndani ya maghala kwa unyevu. Wakati huohuo huku mchele ukawa adimu, watu wakala mihogo mikavu, na kule wenye mchele wakala wali usio na chumvi, kwa sababu chumvi ilitoka huku. Wachuuzi wa mjini waliona hakuna cha kununua, wakahamishia gulio lao kwenye kijiji kingine kando ya barabara kuu. Vijana waliokuwa wavushaji na wapagazi wakaondoka mmoja mmoja kwenda mashamba ya mkonge. Wengi wao hawakurudi mpaka leo. Wajukuu zao wanasema lugha nyingine.

Kijana mmoja alithubutu. Alikata migomba akaunganisha chelezo, akavuka na mfuko wa chumvi kwa wazazi wake. Aliporudi, askari wa boma aliyewekwa kivukoni, jina lake Tindwa, akamkamata. Akafungwa. Alipotoka alikuwa amekonda na hataki tena kusikia habari za mto.

Watu wakaenda kwa akida. Mzee Malenda ndiye aliyeteuliwa kusema, ingawa maneno si kazi yake.

"Bwana Akida, tufungulie mitumbwi iliyo mizima. Hatusemi yote. Iliyo mizima tu. Mto huu tunaujua."

Akida akasema, "Malenda, ingekuwa amri yangu ningefungua. Lakini niliipeleka bomani ikatiwa muhuri. Si yangu tena. Nikifungua mimi, nitafungwa mimi."

"Basi waandikie."

"Nimewaandikia. Wanasema nisubiri mkaguzi, na njia ya bomani imekatika kwa mvua."

Watu wakaanza kunung'unika. Sauti zikapanda. Pengine siku ile wangekwenda wakavunja mnyororo kwa mawe, lakini Semeni akainuka. Alikuwa amekaa nyuma na wanawake. Hakupaza sauti.

"Mnataka mitumbwi," akasema. "Haya. Nani kati yenu atakayenirudishia Mshamu?"

Malenda akaondoka wa kwanza. Watu wakatawanyika. Mama yangu alikuwa akisema kwamba hakuna kufuli lililoufunga mto ule kama swali hilo. Si Tindwa, si akida, si muhuri wa boma. Lilikuwa ni jonzi la mwanamke mmoja ambalo kila mtu aliliheshimu.

Wakati huo Somoe alikuwa mjamzito, mimba yake ya kwanza. Semeni alijua kabla maji hayajajaa, na alikuwa ameshashona vijitambaa vya mtoto. Alijipa moyo kwamba maji yatapungua kabla ya siku zake kutimia, au mkaguzi atakuja, au pantoni itatengenezwa. Mtu mwenye hofu mbili huichagua ile anayoijua. Aliyoijua yeye ilikuwa ya kuzama.

Asubuhi moja, mvua imekatika na ukungu unaanza kuondoka juu ya maji, watu waliokwenda kuchota maji waliona mtu ng'ambo anapunga kanga nyekundu. Alikuwa akipiga kelele, lakini mto ulikuwa unavuma na maneno yalifika vipande vipande. Wakamtambua. Ni Mtulia. Wakamwita Semeni.

Semeni alisimama ukingoni, miguu majini, akaweka mikono nyuma ya masikio.

"Somoe!" ilifika sauti. "Mama! Somoe! Uchungu... toka jana... mkunga kashindwa... damu..."

Halafu likafika neno moja zima kabisa, kama upepo uliamua kulibeba:

"Vukeni!"

Semeni akageuka akakimbia. Wanawake wa umri wake huwa hawakimbii, na watu walimpisha njia. Alimkuta Malenda nyuma ya nyumba yake anasuka tenga, kazi aliyoianza baada ya mto kufungwa.

"Kaka Malenda, nivushe."

Malenda akaliweka tenga chini. Hakumkumbusha chochote. Hilo mama yangu alilisifu mpaka kufa kwake, kwamba mzee yule hakumkumbusha chochote.

"Mtumbwi uko kwenye mnyororo, dada," akasema. "Ufunguo uko kwa akida. Nenda wewe kwa ufunguo, mimi nakwenda kutazama kama mtumbwi unafaa."

Akida alikuwa barazani, na Tindwa askari amekaa kwenye ngazi anasafisha buti. Semeni hakupiga hodi. Alianguka magotini palepale uani, kwenye matope.

"Bwana Akida, Somoe anakufa. Nipe ufunguo."

Akida akasimama. "Inuka, mama. Inuka kwanza. Nini?"

Akamweleza. Akida akamtazama Tindwa. Tindwa akaacha buti, akasema kwa adabu, "Bwana Akida, amri ninayo. Hakuna mtumbwi usio na chapa. Nikiachia, mimi na wewe tutasimama kizimbani pamoja. Na mto umejaa. Wakizama hawa, itasemwa tuliwaua."

"Siwezi kutuma mtu bomani?" akida akauliza, kama anajiuliza mwenyewe. "Apate idhini..."

"Bomani ni safari ya siku nzima, na njia imekatika!" Semeni akasema. "Mtoto hatoki kwa idhini, Bwana Akida!"

Akida akaketi tena. Mtu aliyekuwa karibu alisema kwamba hakuketi kwa kuogopa boma. Alikuwa anaona maji. Alikuwa anaona wale aliowatoa kwa mikono yake.

"Mama," akasema polepole, "ni wewe uliyesimama hapahapa. Ni wewe uliyeniuliza kama nyama ina thamani kuliko Mshamu. Nikaapa. Leo nikufungulie, uingie kwenye mto uliojaa, kwa mtumbwi uliokaa juani kiangazi chote? Nikutoe na wewe kwenye matete?"

Semeni akajibu kwa sauti ya chini.

"Ni mimi. Nilikuomba unilindie watoto wa watu wasizame. Sikukuomba watu wasivuke."

Akida akafunika uso. Muda ukapita. Jua likapanda. Tindwa akasimama, akakaa, akasimama tena. Watu wakajaa uani. Mwisho akida akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akaenda yeye mwenyewe kivukoni, Semeni nyuma yake, na umma wote nyuma yao. Tindwa alifuata mbali kidogo. Hakuwazuia. Alitazama pembeni, kama mtu anayetazama mawingu.

Kufuli lilikuwa limeshika kutu. Ufunguo haukuzunguka. Wakaligonga kwa jiwe mpaka likaachia, na mnyororo ukaanguka. Lakini Malenda alikuwa ameinama juu ya mtumbwi wake, anapitisha kiganja ndani yake kama mganga anayempapasa mgonjwa. Mtumbwi ule, uliokuwa mzima kuliko yote siku ulipofungwa, ulikuwa na ufa kutoka kichwani mpaka katikati.

"Ukiingia hivi," akasema, "hatufiki."

"Mwingine?" akida akauliza.

"Nimeitazama yote. Huu ndio wenye nafuu."

Basi wakaanza kuuziba. Wanawake walivua vilemba vyao wakavichana. Mtu akaleta nta, mwingine mafuta ya nazi na pamba ya msufi. Malenda alisindilia ufa kwa ncha ya kisu, harakaharaka, lakini kazi ile haikubali haraka, na zaidi ya hayo ilibidi alizibe lile tundu la mnyororo alilolitoboa mwenyewe. Semeni alikuwa amepiga magoti kando yake anampa vitambaa. Kila mara alikuwa akiinua macho kutazama ng'ambo. Kanga nyekundu bado ilikuwa inapungwa.

Baadaye ilipungwa polepole.

Walipousukuma mtumbwi majini, jua lilikuwa limeshapita utosi. Malenda mbele na kafi, kijana mmoja nyuma na kafi jingine, Semeni katikati anachota maji kwa kibuyu. Malenda aliukokota kwanza ukingoni mbali sana kwenda juu, ndipo akaukata mto mshazari, mkondo ukiwatelemsha. Walivuka. Naam, walivuka salama. Mtumbwi ulivuja, ukayumba, mara moja maji yakaingia mpaka magotini, lakini walivuka. Mto uleule uliojaa, mtumbwi uleule mbovu.

Semeni alipoinua macho kutoka kwenye kibuyu, alitafuta kanga nyekundu. Haikuwepo. Mtulia alikuwa ameketi ukingoni, mikono juu ya magoti. Ile kanga alikuwa ameenda kumfunika nayo mkewe.

Somoe alikuwa amelala kwenye machela waliyomtengenezea ili awe tayari mtumbwi ukifika. Walikuwa wamemleta mpaka pale majini. Alikuwa anaiona zahanati ng'ambo, bati lake jeupe, mpaka alipoacha kuona. Mtoto hakutoka.

"Aliniuliza kama mmekuja," Mtulia akasema. "Nikamwambia mnakuja. Nilikuwa nawaona, mama. Mmeinama pale asubuhi nzima. Nikamwambia, wanakuja, wanaziba mtumbwi."

Semeni akakaa chini mchangani, akakiweka kichwa cha bintiye mapajani. Malenda alisimama majini, ameushika mtumbwi usichukuliwe na mkondo, machozi yanamtoka ndevuni.

Walimzika Somoe kulekule ng'ambo. Kesho yake akida alivushwa kwenda kuhani msiba. Alikuwa wa kwanza kuvuka baada ya Semeni. Alikaa jamvini mbele yake, mkubwa yule. Akasema:

"Mama, sina uso. Nilidhani nimewalinda. Nilikuwa nikilala usingizi, nikisema tangu niufunge mto hakuna aliyezama."

Semeni alikuwa ameshika kibuyu kilekile cha kuchotea maji, amesahau kukiweka. Akasema:

"Mimi pia nilikuwa nikisema hivyo, Bwana Akida. Kila alasiri. Nilikaa juu ya jiwe nikashukuru kwamba mtumbwi hauzamishi mtu. Kumbe mtumbwi wa mnyororo hauzamishi, wala hauvushi."

Watu waliokuwepo matangani wakalisikia. Jioni ile lilikuwa limeshafika sokoni, na kabla ya arobaini lilikuwa limeshafika bomani.

Akida Hemedi hakuufunga tena mnyororo. Alimpa Malenda kazi ya kuukagua kila mtumbwi palepale kivukoni, mwenye mtumbwi usiomridhisha asipakie. Mibovu ikachanwa kuni. Mizima ikaruhusiwa, kila mmoja na kiasi chake cha watu. Boma walipopata habari walimvua uakida kwa kuvunja sheria, akarudi kulima, na alipokufa watu walijaa makaburini. Mkaguzi naye alikuja mwishowe, kiangazi, akaikuta kazi imeshafanyika. Akaipiga mitumbwi chapa akaondoka. Lakini gulio halikurudi. Vijana wa mkonge hawakurudi. Mji huu mnaouona umelala hivi, haukuwa umelala hivi.

Msije mkadhani Semeni aliigeukia sheria akaichukia. Aliishi miaka mingi, na mpaka uzeeni alikuwa akienda kivukoni. Mtumbwi ukizidi watu, alikuwa anaingia majini na kuushika ukingo: "Shuka wewe. Na wewe. Mmezidi." Hakuna aliyethubutu kubishana naye. Na mvushaji akikaa kivulini hali watu wanasubiri upande wa pili, alimwendea vilevile: "Amka, baba. Hujui wamekuja na nini." Watu walisema kwamba mkono mmoja aliushika mtumbwi kwa ajili ya Mshamu, na mwingine aliusukuma kwa ajili ya Somoe.

Kwa hiyo mtu akisimama mkutanoni leo, amri imesomwa na kila mmoja amepiga makofi, akayasema maneno yale, hakatai amri. Hamdharau anayeogopa watu wasife. Anamwomba ageuze uso kidogo, atazame ng'ambo, aone kama kuna mtu anapunga kanga.

Mtumbwi wa mnyororo hauzamishi, wala hauvushi.